Oman: Misitu inayopanda mlima ikikimbia joto

Mikoa ya Dakhiliyah na Sharqiyah nchini Oman inajulikana zaidi kwa ngome zake, tende zake na jangwa lake kuliko kwa misitu. Hata hivyo misitu ipo: juu kabisa ya milima ya Hajar, pembezoni mwa mchanga kusini mwa Ibra, na katika ghuba za pwani karibu na Sur. Wanaoifahamu vyema ni wachunga mbuzi na wafuga nyuki na, katika miaka ya karibuni, wakimbiaji na watembeaji wanaozifuata njia za kale za milimani mwaka mzima.

Anayezifuata njia hizo hujifunza upesi kwamba msimu nchini humo hausomwi kwa tarehe peke yake. Husomwa kwa urefu wa mlima na kwa maji. Joto linapozidi mjini Nizwa, mkimbiaji hupanda juu. Watafiti wa mimea wanaeleza kwamba misitu ya milimani nayo imo katika safari kama hiyo, isipokuwa mlima una mwisho wake.

Mlima wa Kijani

Kutoka Nizwa, makao makuu ya mkoa wa Dakhiliyah, hadi mji mdogo wa Birkat al Mouz ni mwendo mfupi wa gari. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya kupanda Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Kwenye kituo cha ukaguzi askari huruhusu magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne tu, kwa sababu ya ukali wa mteremko. Juu kuna uwanda wa Saiq, takriban mita 2000 kutoka usawa wa bahari.

Tofauti ya hewa kati ya miji hiyo ya chini na uwanda huo ndiyo ufunguo wa habari yote. Mwezi wa Julai, joto la mchana Nizwa hupita nyuzi 40 za Selsiasi, ilhali Saiq hukaribia nyuzi 30. Usiku wa Januari, Saiq hushuka hadi karibu na sifuri na sakitu huonekana asubuhi juu ya majani. Mvua nayo hupendelea juu: uwanda hupata takriban milimita 300 kwa mwaka, kiasi kinachozidi kwa mbali kile cha tambarare.

Kwa hiyo anayepanda kwa miguu hupita katika misitu mbalimbali kwa siku moja. Chini kabisa, katika mabonde makavu yanayoitwa wadi, kuna migunga na mikunazi, miti ambayo msomaji wa Tanzania au Kenya angeitambua bila kuambiwa. Waoman huiita samur na sidr. Juu zaidi hutokea mzeituni mwitu, uitwao itm, ambao ni wa aina ile ile inayomea katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Pamoja nao kuna mti uitwao but, ambao matunda yake madogo huliwa wakati wa joto.

Kuanzia mita 2100 hivi huanza mti ambao wenyeji huuita alan. Huo ni ndugu wa mtarakwa, mti wenye mbao za kunukia unaopatikana Aberdare, Mlima Kenya na Usambara. Alan hukua polepole mno, na shina lake hupindapinda na kuchanika kama kamba nzee. Katika rasi nzima ya Arabia, milima hii ya kaskazini mwa Oman ndiyo makazi yake.

Njia za punda

Njia zinazokimbiwa leo hazikuchongwa kwa ajili ya michezo. Kabla ya barabara, watu wa vijiji vya juu waliteremka kwa punda wakibeba komamanga, jozi na maji ya waridi, na wakapanda tena na tende na mahitaji mengine. Katika Wadi al Muaydin, iliyo juu ya Birkat al Mouz, bado kuna vipande vya njia vilivyojengwa kwa ngazi za mawe. Ugumu wa kuyapanda mabonde kama hayo ndio uliowalinda wapiganaji wa Imamu wa Oman wakati wa vita vya Jabal Akhdar, hadi majeshi ya Sultani na washirika wake Waingereza walipoufikia uwanda kwa usiku mmoja mwezi wa Januari mwaka 1959.

Baadaye njia nyingi zilitiwa alama kwa ajili ya watalii. Alama hizo ni michirizi mitatu ya rangi, njano, nyeupe na nyekundu, iliyopakwa juu ya mawe, na kila njia ikapewa namba. Namba W9 huanzia kijiji cha Misfat al Abriyeen na kupanda hadi ukingo wa mlima uitwao Sharaf al Alamayn. Namba W6 hufuata ukingo wa korongo kubwa la Jabal Shams hadi kwenye kijiji kilichohamwa cha As Sab. Namba W4 hupanda hadi kilele cha kusini cha Jabal Shams, mita 2997.

Mwezi wa Novemba mwaka 2018 njia hizo zilijulikana kwa wakimbiaji wa dunia, zilipofanyika mbio za kwanza za Oman by UTMB, tawi la mbio maarufu za kuuzunguka mlima wa Mont Blanc huko Ulaya. Washindani walikimbia kilomita 137, wakianzia Birkat al Mouz. Mwaka 2019 umbali mrefu zaidi ulifikia kilomita 170. Mbio za Himam, nazo katika mkoa wa Dakhiliyah, zimeendeleza desturi hiyo katika miaka iliyofuata.

Si kwa bahati kwamba mashindano hayo hupangwa mwishoni mwa mwaka. Huo ndio wakati ambao mtu anaweza kukimbia chini na juu katika siku moja bila kuzidiwa na joto la bonde wala baridi ya kilele.

Mwaka wa mkimbiaji

Kuanzia Novemba hadi Februari ni wakati wa nchi ya chini. Wakazi wa Ibra na Sur huweza kutembea mchana kutwa katika milima ya Hajar ya mashariki. Safari inayosifiwa sana ni ile ya siku mbili baina ya Wadi Tiwi, iliyoko pwani, na Wadi Bani Khalid, iliyoko bara, ambayo kuna watu huifanya kwa kukodi punda wa kubeba mizigo. Mwanzo wake na mwisho wake ni mitende na maji. Katikati ni mawe matupu na upepo.

Machi hadi Mei, safari huhamia kwenye uwanda. Katika vijiji vya Al Ayn, Al Aqr na Ash Shirayjah, waridi huchanua kwenye matuta yaliyojengwa kando ya mlima, na petali huchumwa alfajiri ili kutonesha maji ya waridi. Chini, huo ndio wakati migunga inapochanua, na wafuga nyuki huvuna asali ya samur mwanzoni mwa joto.

Juni hadi Agosti huitwa qaidh, msimu wa tende. Katika Ibra na Bidiyah, tende za mabsali huvunwa kabla ya kuiva kabisa, huchemshwa katika masufuria makubwa na kuanikwa juani. Kwa mkimbiaji, bonde limefungwa. Anayetoka Nizwa baada ya saa moja asubuhi anajihatarisha. Hubaki mlima tu. Hata huko hutakiwa kumaliza mapema, kwa maana mawingu ya radi hujikusanya juu ya vilele wakati wa alasiri.

Mwishoni mwa Agosti, nyota ya Suhaili huonekana tena alfajiri katika upande wa kusini, na watu wa Ghuba huhesabu tangu siku hiyo kwamba nguvu ya joto imevunjika. Septemba na Oktoba komamanga huwa tayari kwenye uwanda. Mikunazi huchanua mabondeni na asali yake, ghali kuliko zote, huvunwa katika majira hayo ya mwisho wa mwaka. Kisha safari huanza upya kutoka chini.

Msitu wa mchanga

Mkoa wa Sharqiyah uligawanywa mwaka 2011, Ibra ikawa makao makuu ya upande wa kaskazini na Sur ya upande wa kusini. Kati ya miji hiyo miwili, barabara hufuata ukingo wa mchanga wa Sharqiyah, uliokuwa ukiitwa mchanga wa Wahiba, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,500.

Kundi la watafiti wa Shirika la Kifalme la Jiografia la Uingereza, lililofanya kazi hapo katika miaka ya 1985 na 1986, liliwashangaza wengi kwa wingi wa viumbe lililowaorodhesha katika eneo lililodhaniwa kuwa tupu. Upande wa mashariki wa mchanga huo kuna misitu ya ghafu, mti wa jamii ya kunde ambao mizizi yake huteremka makumi ya mita kuyatafuta maji. Ghafu hutoa majani mapya kabla ya joto kali, wakati miti mingine inapojinyima, na hivyo huwapa kivuli watu na malisho mifugo katika miezi migumu kuliko yote.

Karibu na Al Kamil, kwenye njia ya kwenda Sur, kuna hifadhi ya As Saleel, iliyotangazwa mwaka 1997 na yenye kilomita za mraba 220. Ni nchi tambarare ya migunga, makao ya swala wa Arabia. Kwa mtu aliyewahi kuona mbuga kavu za kaskazini mwa Kenya, mandhari yake si ngeni.

Adui wa ghafu pia si mgeni kwa Wakenya. Anaitwa ghafu bahri na wenyeji, mti wa kutoka Amerika ulioletwa kwa ajili ya kivuli na kuzuia mchanga. Ndio ule ule unaojulikana Baringo kwa jina la mathenge, ambao wafugaji wa huko walikwenda mahakamani kuulalamikia. Huota upesi, hunyonya maji mengi na kuziba mabonde. Mkimbiaji huweza kuitofautisha miti hiyo miwili kwa urahisi: chini ya ghafu ya asili mtu huweza kupita na kupumzika, ilhali ghafu bahri hujifunga kuwa kichaka cha miiba kisichopenyeka.

Boriti na mikoko

Mjini Sur, msitu umo majini. Ni mikoko ya aina moja tu, ile ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki huiita mchu na Waoman huiita qurm. Tangu mapema miaka ya 2000, serikali, kwa msaada wa Japan, imekuwa ikiotesha miche na kuipanda katika ghuba mbalimbali za pwani, Sur ikiwamo.

Mchu wa Oman haukuwahi kutosha kwa ujenzi. Kwa karne nyingi mapaa ya nyumba za Ghuba yalishikiliwa na boriti zilizokatwa Rufiji na Lamu, zikaletwa na majahazi, mengi yakiwa ya Sur yenyewe. Yaliondoka na upepo wa kaskazi mwishoni mwa mwaka, yakarudi na kusi. Biashara hiyo ilififia zilipokuja chuma na saruji, na Kenya ilipiga marufuku uuzaji wa boriti nje ya nchi mwaka 1982. Kwa maneno mengine, kuni na kivuli vilitoka katika misitu ya Oman, lakini mbao za kuezekea na za kuundia vyombo zilitoka Afrika na India. Misitu ya hapa haikuwahi kuwa na ziada.

Upepo huo wa kusi bado huamua mambo. Unapovuma katikati ya mwaka, huinua maji baridi kutoka kilindini mwa Bahari ya Arabu na kuipoza pwani ya Al Ashkharah, kusini mwa Sur. Ndiyo maana wakati Ibra inaungua, familia nyingi hukimbilia huko, na anayetaka kukimbia bila kupanda mlima hupata mahali pa kukimbilia.

Maji yanayojenga, maji yanayoua

Misitu yote hii inategemea maji machache yanayokuja kwa ghafla. Wazee wa Oman waliyatawala kwa aflaji, mifereji inayochukua maji ya chini ya ardhi au ya chemchemi hadi mashambani. Mwaka 2006 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliingiza mitano katika orodha ya urithi wa dunia. Miongoni mwayo ni Falaj Daris wa Nizwa, Falaj al Khatmeen wa Birkat al Mouz, na Falaj al Jeela ulio katika milima ya upande wa Sur. Njia nyingi za kutembelea hufuata kingo za mifereji hiyo, na adabu ya mahali ni kutoingiza miguu wala sabuni katika maji ambayo mtu wa chini atayanywa.

Maji yasiyotawaliwa ni hatari kubwa kuliko joto. Wadi iliyokauka ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa mkimbiaji, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoua. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu ya mlima huku anga ya chini ikiwa safi, kisha ukuta wa maji na mawe ukateremka kwa dakika chache. Kimbunga Gonu, kilichopiga mwezi wa Juni mwaka 2007, kiliua watu wapatao 50 nchini humo. Tarehe 14 Aprili mwaka 2024, mafuriko katika eneo la Samad al Shan, Sharqiyah Kaskazini, yalilisomba gari lililobeba wanafunzi, na watoto wapatao kumi walipoteza maisha.

Tangu hapo, tahadhari zinazotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo inayohusika na utabiri wa hali ya hewa, husikilizwa kwa makini zaidi. Kuivuka kwa gari wadi inayotiririka ni kosa la jinai. Kwa anayekwenda kwa miguu kanuni ni chache: asiingie korongo jembamba siku yenye wingu juu ya mlima, asilale kitandani mwa wadi, amwambie mtu njia atakayofuata na saa ya kurudi, na akumbuke namba ya dharura ya polisi, 9999, ingawa simu hazishiki katika mabonde mengi.

Kilele kinapokwisha

Kuhusu alan, tafiti zilizofanywa na wataalamu wa mimea katika miaka ya 1990 zilifikia hitimisho lililo wazi. Juu ya takriban mita 2400, misitu ilikuwa na afya, miti ikizaa na miche ikiota. Chini ya hapo, sehemu kubwa ilikuwa hoi: miti iliyokauka matawi, mbegu chache zenye uhai, na miche ya kuirithi karibu haipo. Sababu iliyotajwa zaidi ni ukavu na joto, vikiongezewa na mbuzi na punda wanaotafuna miche, pamoja na barabara na majengo yaliyoongezeka kwenye uwanda.

Msitu wa namna hiyo hauhami kwa miguu. Huhama kwa kufa chini na kuzaliwa juu. Kadiri joto linavyoongezeka, mstari wa afya husogea kuelekea kileleni, na kilele cha juu kabisa cha Oman, Jabal Shams, kina takriban mita 3000 tu. Isitoshe, kila mlima huwa mwembamba unapokwenda juu, kwa hiyo hata mahali panapofaa huzidi kupungua. Mti unaohitaji miaka mingi mno kukua hauna muda wa kungoja.

Serikali imechukua hatua. Sheria ya hifadhi ya mwaka 2003 inakataza kukata miti ya asili, na mwaka 2011 Jabal Akhdar ilitangazwa kuwa hifadhi ya mandhari. Lakini hakuna sheria inayoweza kuupoza mlima. Kinachowezekana ni kuipunguzia miti mizigo mingine: kuizuia mifugo isifike kwenye miche, kuelekeza ujenzi mbali na misitu, na kuwataka wageni wasiache njia wala kuwasha moto kwa kuni za alan, hata zile zilizokauka.

Anayetaka kuyaona mabadiliko hayo hahitaji vipimo. Njia namba W4 huanza kwenye mwinuko wa karibu mita 2000, kukiwa na miti michache iliyotawanyika, mingine ikiwa imebaki mifupa myeupe. Baada ya saa kadhaa za kupanda, alan huongezeka, majani yake huwa mazito, na chini ya kivuli cha miti mikubwa, mahali ambapo mbuzi hawafiki, huonekana miche yenye urefu wa shubiri. Mstari kati ya hali hizo mbili hauna kibao wala rangi, lakini wapandao kila mwaka huweza kuutambua, na ni wao watakaokuwa wa kwanza kujua iwapo umesogea.